Ghala linajaa kwa sababu uundaji hautabiriki: nawaletea hoja wacheza gemu wa Arusha na Moshi

Mtemi wa Sakina (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina hoja ninayotaka tuijadili kwa utulivu, hasa sisi tunaocheza gemu za kupigana na kuokota vifaa kama Diablo, Path of Exile, Grim Dawn na Last Epoch. Kila siku nasoma malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaosema ghala la kuhifadhia vifaa ni dogo mno, na wapo wanaosema uundaji wa vifaa umeachiwa bahati nasibu kupita kiasi. Watu huyajadili kana kwamba ni matatizo mawili. Kwangu mimi ni tatizo moja, kwa sababu ghala hujaa pale ambapo mchezaji hawezi kujua mhunzi atamtolea nini.

Tazameni Elden Ring ya mwaka 2022. Unampelekea mhunzi Hewg mawe yanayotakiwa, naye anaipandisha silaha yako ngazi moja bila kubahatisha. Silaha za kawaida hufika +25 na zile za mawe maalumu hufika +10. Sijawahi kukutana na mchezaji wa Elden Ring anayelia kwamba amekosa pa kuweka vitu. Sasa ingieni Path of Exile. Kifaa adimu kinaweza kubeba sifa sita, tatu za mwanzo na tatu za mwisho, na ukikipiga Chaos Orb (malighafi inayotumika mara moja) sifa zote hufutwa na kuandikwa upya. Kila pete unayoiokota chini inakuwa na neno "huenda" ndani yake, na neno hilo ndilo linalokufanya uitunze. Nasubiri kukosolewa kwa hoja.

Kiboriloni Junior
Mtemi, umeandika vizuri lakini umeruka fedha. Hiyo Path of Exile uliyoitolea mfano imetengenezwa na Grinding Gear Games wa New Zealand, na tangu itoke mwaka 2013 kuipakua ni bure. Kampuni inaishi kwa kuuza mapambo na kurasa za ghala. Ukianza unapewa kurasa nne, kila moja ina miraba 12 kwa 12, yaani 144. Ukurasa mkubwa unaouzwa una miraba 24 kwa 24, yaani 576. Zidisha 144 mara nne uone unapata ngapi: ukurasa mmoja wa kununua ni sawasawa na ghala zima la mtu asiyelipa. Mimi sihitaji maelezo ya bahati nasibu hapo. Begi limefanywa dogo ili ghala liuzike.

Kanzidata
Wote wawili mmeisahau seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza vitu vya wachezaji. Kazi yangu ya kila siku ni kanzidata, yaani mifumo ya kutunza rekodi kwenye kompyuta, hivyo naomba nieleze jinsi kifaa kinavyoonekana upande wa pili.

Chaos Orb zote zinafanana. Kwa hiyo ukiwa nazo elfu moja, seva inaweza kuandika namba moja tu kwenye safu moja. Pete adimu haiko hivyo. Kila pete ina aina yake, kiwango chake, orodha ya sifa zake na thamani ya kila sifa, na hakuna pete mbili unazoweza kuzihesabu kama kitu kimoja. Chaos Orb elfu moja ni namba moja; pete elfu moja ni rekodi elfu moja. Zidisha kwa wachezaji wote, halafu kumbuka kwamba rekodi hizo zinasomwa na kuandikwa kila mtu anapofungua ghala lake.

Diablo IV ilitupa mfano ulio wazi zaidi. Muda mfupi baada ya gemu hiyo kutoka mwezi Juni 2023, watengenezaji walieleza hadharani kwamba mchezaji mwingine anapotokea karibu yako, mashine yako ilikuwa inapakia pia vitu vyake vyote, pamoja na vilivyo ghalani. Ukiongeza ukurasa mmoja kwa kila mtu, unakuwa umeongeza mzigo kwenye kumbukumbu ya kila anayepita njiani. Huo ni mpangilio wa kiufundi uliofanywa mapema, na kuubadilisha baadaye ni kazi kubwa. Hakuna njama hapo.

Mwalimu Pasua
Kanzidata, nakushukuru kwa ufafanuzi, lakini maelezo yako yanaishia kwenye gemu za mtandaoni. Mimi nacheza Grim Dawn ya Crate Entertainment, iliyotoka Februari 2016, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Hakuna seva na hakuna mpita njia, na kurasa za ghala hufunguliwa kwa chuma ambacho ndicho fedha ya ndani ya gemu, si kwa shilingi. Pamoja na hayo yote ghala lina mwisho, na wachezaji wamelazimika kuandika programu zao za nje ili wahifadhi zaidi. Titan Quest ya mwaka 2006 ilipitia njia hiyohiyo. Kwa hiyo maelezo ya Kiboriloni na ya Kanzidata hayagusi Grim Dawn hata kidogo, na bado tatizo lipo.

Babu wa Mamba
Vijana, nimefurahi kuona mada hii. Nirudishe mjadala nyuma kidogo, kwa sababu mnaongea kana kwamba begi dogo lilibuniwa juzi.

Diablo ya kwanza, ya mwisho wa mwaka 1996, ilikuwa na begi la miraba kumi kwa minne, na haikuwa na ghala lolote. Dhahabu yenyewe ilikaa ndani ya begi, kila mrundo wa 5,000 ukichukua mraba wake. Ukitaka kutunza kitu ulikiweka chini, kwenye nyasi za kijiji cha Tristram, ukaendelea na safari. Hakukuwa na kurasa za kuuza. Waliotengeneza gemu hiyo walitaka nafasi iwe sehemu ya mchezo, yaani uchague.

Diablo II waliipeleka mbali zaidi, hasa ilipoongezewa Lord of Destruction mwaka 2001. Begi lina miraba 40. Horadric Cube, kisanduku cha kubebea na kuchanganyia vitu, inachukua minne lakini ndani yake ina kumi na miwili. Kitabu cha kurudi mjini kinachukua miwili na kitabu cha kutambulia vitu kinachukua miwili. Umebaki na 32. Sasa unakuja mtego, kwa sababu hirizi hufanya kazi zikiwa ndani ya begi tu. Hirizi kubwa moja ina urefu wa miraba mitatu. Ukibeba tisa ili uongeze ngazi za ujuzi wako, umetumia 27 na umebakiwa na mitano. Deraya ya mwili inahitaji sita. Umemuua jitu, deraya inang'aa sakafuni, na huwezi kuiokota mpaka uweke chini kitu kinachokupa nguvu. Nguvu na nafasi vimewekwa kwenye mizani moja. Mimi huo nauita ubunifu wa hali ya juu, na ningesikitika mtu akiuondoa kwa jina la urahisi.

Kuhusu malighafi, Cube ilikuwa inageuza runi (vijiwe vya kuweka kwenye matundu ya silaha) tatu za aina moja kuwa moja ya ngazi inayofuata, kutoka El mpaka Zod, kwa hiyo takataka zako zilikuwa na njia ya kutokea.

Dada Rau
Shikamoo Babu. Hesabu ya begi ni sahihi, lakini hiyo ya runi naomba niirekebishe. Tatu kwa moja peke yake inafika mpaka Ort, ambayo ni runi ya tisa kati ya 33. Kuanzia hapo unatakiwa kuongeza kito, kwa mfano Ort tatu na topazi iliyomeguka ndizo zinazotoa Thul. Ukifika Pul, runi zinazotakiwa zinakuwa mbili badala ya tatu, pamoja na kito. Hata kwa zile tisa za mwanzo tusidanganyane: kutoka El mpaka Ort ni hatua nane, kwa hiyo utahitaji El 6,561 kupata Ort moja. Njia ya kutokea ipo, ila hakuna anayeipita kwa miguu tangu mwanzo.

Tena ghala la Diablo II lilipotoka mwaka 2000 lilikuwa na miraba 24 tu, likafikishwa 48 na Lord of Destruction. Toleo jipya la mwaka 2021 ndilo lililoleta miraba 100 na kurasa tatu ambazo wahusika wako wote wanachangia. Kabla ya hapo tulikuwa tunaunda wahusika wasiopigana kabisa, kazi yao ikiwa kubeba mizigo. Mimi na kaka yangu tulitumia kompyuta moja nyumbani, na orodha yetu ya wahusika ilijaa wabebaji kuliko mashujaa. Majina yao yalikuwa Deraya, Vito, Runi Ndogo na Usiguse.

Sasa nakuja kwa Mtemi. Silaha za maneno ya runi hazina kubahatisha kama unavyosema. Ukiwa na upanga au ngao yenye matundu manne kamili, ukaweka Tal, Thul, Ort na Amn kwa mpangilio huo, unapata Spirit. Namba za ndani hupanda na kushuka kidogo, lakini kitu chenyewe unakijua kabla hujaanza. Ingekuwa hoja yako ni kweli, sisi wa Diablo II tungekuwa na ghala tupu. Ghala letu lilijaa hizo runi zenyewe, na panga tupu zenye matundu manne zikisubiri runi. Uhakika nao unajaza ghala.

Mgeni wa Usa River
Samahani kwa kuingilia. Mimi nimeanza Last Epoch hivi karibuni na sijacheza hizo za zamani. Kwa nini runi hazikupangwa kwenye rundo moja kama Kanzidata alivyosema kuhusu Chaos Orb? Runi zote za aina moja si zinafanana?

Kanzidata
Mgeni, umeuliza swali zuri kuliko maelezo yangu ya awali. Zinafanana kabisa, na kiufundi hakuna kilichozuia zisirundikwe. Katika Diablo II kila runi ilipewa mraba wake kwa uamuzi wa wabunifu. Hapo Babu anapata alama.

Mtemi wa Sakina
Dada Rau, pingamizi lako ni zito na nimelifikiria. Nadhani tutofautishe mizigo ya aina mbili. Ipo malighafi, ambayo unajua itatumika wapi, na ipo ile niliyoiita "huenda", yaani kifaa kilichokamilika ambacho hujui kama ni taka au hazina. Malighafi ikirundikwa inaacha kuwa tatizo. Hiyo "huenda" hairundikwi kamwe, kwa sababu ileile aliyoieleza Kanzidata, kwamba kila kimoja kina namba zake.

Last Epoch imeonyesha hilo kwa vitendo. Sifa za kuundia hukusanywa kama vipande, na vipande vyote vinakwenda kwenye hifadhi ya pembeni isiyo na kikomo. Ukiokota kofia mbaya yenye sifa moja nzuri, unaivunja kwa runi ya kuvunjia na sifa inaweza kubaki kwako kama vipande. Kifaa unachokiunda kina akiba ya kufulia, yaani kipimo cha kazi ambayo bado unaweza kukifanyia, na kila ukikigusa akiba hupungua kwa kiasi usichokijua mapema. Ikifika sifuri huwezi kukibadilisha tena kwa njia hiyo, lakini kinabaki kizima mkononi mwako. Tangu nianze kuicheza, ghala langu limekaa na nafasi.

Kiboriloni Junior
Tena kurasa za ghala za Last Epoch zinanunuliwa kwa dhahabu ya ndani ya gemu. Sijui kwa nini Mtemi ameiruka sehemu hiyo, ilhali ndiyo inayoniunga mkono: pale ambapo kampuni haiuzi ghala, ghala halikusumbui.

Soweto Moshi
Nyongeza kwa Mtemi, kwa sababu historia inamsaidia na hakuitaja. Last Epoch haikuanza hivyo. Katika matoleo ya majaribio kifaa kilikuwa kinaongezeka hatari kila unapokigusa, na mwisho wake kilikuwa kinavunjika na kufungwa katikati ya kazi. Mfumo wa akiba ya kufulia uliwekwa Desemba 2021, na gemu yenyewe ikafikia toleo 1.0 tarehe 21 Februari 2024. Nilicheza vipindi vyote viwili. Kipindi cha kuvunjika nilikuwa natunza kofia za akiba za aina moja, kwa sababu nilijua ya kwanza itaniharibikia. Mfumo mpya ulipokuja nilizitupa zote.

Mwalimu Pasua
Huo ni ushahidi wa mtu mmoja, ndugu Soweto, ingawa nauheshimu. Mimi katika Grim Dawn naunda vitu kwa michoro ambayo nikishaipata naijua daima, na mhunzi ananiambia kabisa nitapata nini isipokuwa nyongeza ndogo mwishoni. Ghala langu limejaa hata hivyo, kwa sababu nina wahusika wengi wa aina tofauti na kila kizuri nikikiona nawaza mhusika ambaye bado sijamwanzisha. Nadhani chanzo ni mchezaji mwenyewe. Gemu inakuruhusu kuanza upya kwa njia nyingi, nawe unawawekea akiba watu ambao hawajazaliwa.

Dada Rau
Mwalimu, hapo umenigusa. Usiguse naye alikuwa anamtunzia mtu ambaye hajazaliwa.

Babu wa Mamba
Marahaba mwanangu, na asante kwa sahihisho la runi.

Nataka kusema neno kuhusu kuvunjika, kwa sababu linaniuma. Diablo IV walileta mwezi Mei 2024 mfumo wa kuongeza sifa kwa mhunzi. Ulikuwa unachagua kundi la sifa, yeye akibahatisha ipi kati yake, na ulikuwa na idadi maalumu ya kujaribu. Zikiisha bila kupata ulichotaka, kifaa ulichokitafuta kwa wiki nzima kilikuwa kimeharibika. Mimi nimekulia jirani na wahunzi wa Mamba, wanaofua mikuki na visu mpaka leo. Mhunzi akikosea ubapa haitupi chuma. Anairudisha motoni, anavuta viriba, anaanza tena, na anachopoteza ni makaa na jasho. Gharama yake ni muda, wala chuma hakiadhibiwi. Kwa nini mhunzi wa kwenye gemu anashindwa kunitoza makaa na jasho, badala ya kuniharibia chuma?

Kanzidata
Babu, nitakujibu kwa upande wa uchumi, ingawa najua hutaridhika. Kama kila kifaa kinaweza kurekebishwa bila mwisho, baada ya mwezi mmoja kila mtu ana kifaa kamili na hakuna anayeokota kitu tena. Uharibifu ndio unaofanya vifaa vitoke kwenye mzunguko. Path of Exile walipitia hapo. Walipoleta msimu wa Harvest mwezi Juni 2020, wachezaji walipata njia za kulenga sifa fulani na kuibadilisha hiyo peke yake, na baadaye watengenezaji wakazipunguza kwa hoja kwamba zilikuwa na nguvu mno.

Ngarenaro Kaskazini
Kanzidata, ukizungumzia uchumi usiiache Diablo III. Mwaka 2012 walifungua soko la mnada ambapo ungeweza kuuza upanga kwa fedha halisi. Hapo tatizo la ghala lilipata dawa ya ajabu: hukuhitaji kutunza wala kuunda, ulihitaji kuuza na kununua. Matokeo yake watu waliacha kuokota wakawa wanachuuza. Soko likafungwa tarehe 18 Machi 2014. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, wakaleta Kanai's Cube, ambayo inamumunya kifaa cha hadithi (cha daraja la juu) na kukuachia nguvu yake pekee kama maandishi yasiyochukua mraba hata mmoja. Kwangu hilo ndilo suluhisho safi kuliko yote: usitunze kitu, tunza uwezo wake.

Kiboriloni Junior
Watu wa Arusha bwana, hata kwenye gemu mnawaza udalali.

Ngarenaro Kaskazini
Na ninyi wa Moshi mnapewa ghala la bure mnalalamika halina mageti. Tuendelee na mada.

Babu wa Mamba
Kanai's Cube sikuipenda. Ulikuwa ukikiweka kifaa mle, kinapotea. Mimi napenda kukitazama.

Mgeni wa Usa River
Je, gemu ambazo begi lake linapimwa kwa uzito badala ya miraba zinaingia katika mjadala huu? Nimecheza Skyrim ya 2011, unaanza na uzito wa 300, na ukizidisha huwezi kukimbia.

Soweto Moshi
Zinaingia kwa mlango mwingine. Uzito haujali umbo, kwa hiyo ule mchezo wa kupanga anaousifu Babu haupo. Kinachobaki ni kuhesabu thamani kwa kila kilo. The Witcher 3 ya mwaka 2015 ilitoka bila ghala kabisa, na malighafi za kuundia zilikuwa na uzito, hivyo uliadhibiwa kwa kuchuma majani. Miezi michache baadaye, katika toleo 1.07, waliongeza ghala na kuondoa uzito wa malighafi. Naona hilo linampa Mtemi nusu ya ushindi, kwa maana walilazimika kugusa uundaji na uhifadhi kwa pamoja.

Tahadhari moja kuhusu Skyrim: usihifadhi kitu kwenye pipa lolote unalolikuta barabarani. Mengi hujisafisha baada ya siku kadhaa za ndani ya gemu. Nunua nyumba, weka kwenye kasha la humo.

Dada Rau
Nami niongeze walioamua kuleta msaidizi. Dungeon Siege ya 2002 ilikuuzia punda wa mizigo anayetembea na kikosi chako, ila alichukua nafasi ya mpiganaji mmoja, kwa hiyo ulilipa. Torchlight ya 2009, iliyotengenezwa na baadhi ya watu waliotoka kwenye timu ya Diablo, ilikupa mnyama ambaye unamjazia taka, unamtuma mjini, anauza na kurudi na dhahabu wewe ukiendelea kupigana. Kila nikirudi kwenye gemu nyingine namkumbuka yule mnyama. Watu wanasema nafasi ndogo inakufanya urudi mjini upumzike, lakini mimi sijawahi kupumzika mjini, nilikuwa nakimbia kuuza.

Mtemi wa Sakina
Kuna jambo moja bado halijaguswa, nalo linahusu mazingira yetu. Diablo IV haichezeki bila intaneti, na Path of Exile vilevile. Mwenye kununua bando anajua kwamba saa moja ya kupanga ghala ni saa moja ya bando, hajapigana na mtu. Ndiyo maana nina uchungu na jambo hili. Kwenye kibanda cha intaneti unalipia muda, na sehemu kubwa ya muda huo inaishia kwenye kulinganisha pete mbili.

Tena kwenye seva ukibahatisha umebahatisha. Umeme ukikatika katikati ya kupiga Chaos Orb, ukirudi unakuta matokeo yameshaandikwa huko seva iliko. Kwenye gemu za bila intaneti, mtu anaweza kunakili faili zake kabla ya kwenda kwa mhunzi, na matokeo yasipompendeza akazirudisha.

Mwalimu Pasua
Huo ni udanganyifu, Mtemi. Ukirudisha faili hujaunda kitu, umechagua matokeo.

Soweto Moshi
Sikubaliani, Mwalimu. Kwenye gemu ya peke yangu hakuna niliyemdhulumu. Mbona programu ya nje ya kuongeza ghala hukuiita udanganyifu pale juu?

Mwalimu Pasua
Kwa sababu programu ile inahifadhi kitu ambacho nimekipata kihalali, haikibadilishi. Mpaka wangu upo hapo, na najua wengine wanauweka kwingine.

Kanzidata
Tazameni lakini mlikofika. Mtu anayeweza kurudisha faili ana uundaji unaotabirika, kwa maana atarudia mpaka apate. Kwa hoja ya Mtemi, mtu huyo asingekuwa na ghala lililojaa. Soweto, wewe unayerudisha faili, ghala lako likoje?

Soweto Moshi
Limejaa.

Mtemi wa Sakina
Limejaa nini, malighafi au "huenda"? Hapo ndipo swali lilipo.

Soweto Moshi
Vyote viwili, na vitu vya hadithi ambavyo sitavaa kamwe ila vina sura nzuri.

Babu wa Mamba
Huyu kijana ananielewa.

Kiboriloni Junior
Na mimi bado nasubiri mtu anijibu ile hesabu ya 576. Kwenye Path of Exile msimu ukiisha, vitu vyako vinahamia ulimwengu wa kudumu katika kurasa ambazo unaweza kutoa tu, huwezi kuweka. Yaani hata hapo ghala lilivyo halikuharibii kitu, lakini linakuacha ukiwa na hamu ya ukurasa mpya. Kampuni inayojua wewe ni mtunzaji ingepanga mambo vipi tofauti na hivyo?

Kanzidata
Ingekupa ukurasa wa bure na kukuuzia mapambo, na hayo nayo inayauza. Kurasa hizo pia ndizo zilizotumika kama duka: unaufanya ukurasa uwe wa hadhara, unaweka bei, wanunuzi wanauona. Kwa hiyo ulikuwa unanunua ghala na meza ya sokoni kwa mpigo mmoja. Silitetei, naeleza tu kwamba si miraba mitupu.

Mgeni wa Usa River
Nimejifunza mengi, asanteni. Nimeamua kujaribu Grim Dawn kwa sababu ya bando. Mwalimu, nina kompyuta mpakato nyumbani na nyingine kwa shemeji Kijenge. Ghala la wahusika wote nitalihamishaje kwa flashi?

Mwalimu Pasua
Kwanza ingia kwenye mipangilio ya gemu uzime hifadhi ya mtandaoni, vinginevyo faili zitakuwa zinakaa ndani ya folda ya Steam (programu ya kununulia na kufungulia gemu) na utazitafuta bila mafanikio. Ukishazima, fungua Documents, kisha My Games, kisha Grim Dawn, utaona folda inayoitwa save. Wahusika wamo ndani yake, na ghala la pamoja ni faili inayoitwa transfer.gst. Nakili folda nzima ya save, usichukue faili moja moja, na hakikisha gemu imefungwa kwenye kompyuta zote mbili wakati unanakili. Kwa shemeji, kabla ya kubandika, ibadilishe jina folda yake ili usifute ya kwake.

Dada Rau
Na kama kompyuta ya shemeji haina nyongeza za gemu ulizonazo wewe, usimfungue mhusika wako kule mpaka naye aziweke.